Tarikhi ya Waliotunza Santuri za Jazi

Jazi ni muziki ambao sehemu yake iliyo bora hubuniwa papo kwa papo, mpigaji akiwa jukwaani na chombo chake mdomoni au mikononi, haikuandikwa katika karatasi kabla ya kupigwa wala haitarudi kuwa vile vile ikiisha kupigwa, hata kama mpigaji ni yule yule na wimbo ni ule ule. Na kwa hiyo, lau santuri isingalivumbuliwa, tungalibaki na sifa tupu za wapigaji wakubwa katika vinywa vya waliowasikia, kama tulivyobaki na sifa za malenga wengi wa kale ambao tungo zao hazikuandikwa. Bahati ilitaka muziki huu na chombo hiki vikue pamoja. Santuri ya kwanza ya jazi kuuzwa ilirekodiwa mjini New York tarehe 26 Februari 1917 na kampuni ya Victor, nayo ilipigwa na Wazungu watano kutoka New Orleans waliojiita Original Dixieland Jass Band, ilhali watu weusi wa mji huo huo, ambao ndio waasisi wa muziki wenyewe, walingoja miaka kadhaa kabla ya kufunguliwa mlango ule. Dhuluma hiyo ya mwanzo haina budi kukumbukwa na kila anayeandika habari za santuri hizi, maana ilifuatana nazo kwa muda mrefu.

Msomaji wa kwetu akisikia jazi huenda akaikumbuka Dar es Salaam Jazz Band, au Morogoro Jazz na magitaa yake. Bendi hizo zililichukua jina zikapiga muziki wa dansi wa namna yake, wala sizo ninazozieleza hapa. Ninayotaka kuyaeleza ni mambo ya watu waliozikusanya, wakazitunza na kuzijadili santuri za jazi ya kisasa, ile iliyozuka Harlem mwanzoni mwa miaka ya 1940, ikaendelea kubadilika mpaka ikafikia ile jazi huru ya miaka ya 1960 iliyowakimbiza wasikilizaji wengi na kuwakera wahakiki wengi zaidi. Nasadiki kwamba watu hao, ambao aghalabu hawakuwa wanazuoni wala matajiri wala watumishi wa kampuni, ndio walioipatia jazi ya kisasa tarikhi yake, na kwamba kampuni, zilizokuwa na mali na maghala na makarani, hazikufanya nusu ya kazi hiyo.

Kampuni zilizouza santuri za mwanzo ziliziona kuwa bidhaa ya msimu. Santuri ya zama hizo ilikuwa sahani nzito, nyepesi kuvunjika, iliyotengenezwa kwa utomvu wa wadudu ulioletwa kutoka Bara Hindi, ikizunguka mara 78 kwa dakika na kuchukua muziki wa dakika tatu hivi kwa kila upande. Na katika karatasi ya duara iliyobandikwa katikati yake hapakuandikwa, aghalabu, ila jina la kampuni, jina la wimbo, jina la bendi na nambari. Majina ya wapigaji hayakuwamo. Aliyetaka kujua ni nani aliyepuliza tarumbeta ile, au ni nani aliyeketi kwenye piano, sharti amtambue kwa sikio, au amtafute mwanamuziki mwenyewe amwulize, na mara nyingi mwanamuziki naye alikuwa amesahau, kwa kuwa alilipwa ujira wa siku moja akaenda zake.

Miongoni mwa watu wa kwanza kulishika jambo hili kwa bidii ya mwanachuoni alikuwa Mfaransa, Charles Delaunay, mwana wa wachoraji mashuhuri Robert na Sonia Delaunay, ambaye mwaka 1936 alitoa mjini Paris kitabu alichokiita Hot Discography. Kitabu hicho hakikuwa na hadithi wala mapambo. Kilikuwa orodha ya santuri, na mbele ya kila santuri majina ya wapigaji na vyombo vyao, mji waliporekodi, tarehe kila ilipopatikana, na nambari ya kalibu, ile iliyopigwa chapa au kukwaruzwa katika sehemu tupu iliyo baina ya mwisho wa muziki na karatasi ya katikati. Nambari hizo zilitolewa na kampuni kwa kufuata mfululizo wa kazi, basi mwenye kuzisoma kwa makini aliweza kujua wimbo upi ulitangulia upi hata katika kikao cha siku moja, na akaweza kumkamata muuzaji aliyetoa wimbo mmoja kwa majina mawili ya bendi. Wajerumani walipoikalia Paris Delaunay hakuacha kazi yake ya muziki, na chini ya kivuli chake alishiriki katika upinzani wa siri, hata mwaka 1943 akakamatwa, kisha akaachiliwa. Mwaka 1948 orodha yake iliyopanuliwa ilichapishwa New York, na Wamarekani wakajifunza tarikhi ya muziki wao kutoka kwa mtu wa Paris.

Delaunay ndiye pia tunayemkuta katika munakasha mkubwa wa kwanza juu ya jazi ya kisasa. Mwenziwe katika kuiendesha Hot Club de France, chama kilichoasisiwa mwaka 1932, alikuwa Hugues Panassié, rais wa chama na mwandishi wa jazi aliyeheshimiwa kote Ulaya. Vita vilipokwisha, santuri za jazi hiyo ya kisasa, za mpiga saksafoni Charlie Parker na mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie, zikafika Ufaransa. Delaunay aliposikia mwendo wa kasi wa muziki wao, na maafikiano ya sauti ambayo masikio ya kale hayakuyazoea, aliuona muziki ule kuwa mtoto halali wa jazi. Panassié aliusikiliza akakataa kabisa kuuita jazi, na akashikilia neno hilo maisha yake yote. Chama kikagawanyika, marafiki wakawa mahasimu, na sababu ya yote ilikuwa sahani chache za dakika tatu tatu. Wako wanaouona ugomvi huo kuwa upuuzi. Mimi nauona kuwa heshima, kwa kuwa watu hawagombani namna ile juu ya kitu wasichokithamini, na kwa kuwa ubishi ule uliwalazimu wote wawili, na kila aliyewafuata, kusikiliza tena na tena.

Huko New York kazi ilifanywa na mwenye duka. Milt Gabler aliuza santuri katika duka la Commodore, mtaa wa 42, akaona wateja wanaulizia santuri ambazo kampuni zimeziondoa katika orodha zao, ndipo akazishawishi kampuni zimchapie tena zile za zamani, naye akaziuza kwa wapenzi. Katika karatasi za katikati aliandika majina ya wapigaji wote. Jambo hilo laonekana dogo leo, lakini mpiga ngoma mweusi ambaye jina lake halikuwahi kuchapishwa popote alipata hapo, kwa mara ya kwanza, kuwa mtu katika kumbukumbu.

Kisha ukaja mwaka 1942, mwaka mbaya kwa wote waliopenda santuri. Vita vilikatiza ule utomvu wa Bara Hindi, na chama cha wanamuziki wa Marekani, chini ya James Petrillo, kiliwakataza wanachama wake kurekodi kuanzia tarehe 1 Agosti, kikidai malipo kwa ajili ya wanamuziki walionyang'anywa kazi na santuri zenyewe. Marufuku hayo hayakuondoka kwa kampuni za Victor na Columbia mpaka Novemba 1944. Dai la chama lilikuwa la haki. Lakini miaka hiyo hiyo ndiyo muziki mpya ulipokuwa ukizaliwa usiku katika ukumbi wa Minton's, mtaa wa 118 Harlem, baada ya wapigaji kumaliza kazi zao za mshahara, na santuri rasmi za kuzaliwa huko hazipo. Kilichopo ni sahani alizozikata mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, Jerry Newman, aliyebeba mashine yake ya kurekodia akaingia nayo ukumbini mwaka 1941. Kwa mkono wake twamsikia mpiga gitaa Charlie Christian akipiga kwa dakika nyingi mfululizo, jambo ambalo santuri ya dukani isingaliliruhusu. Na mwezi Machi 1942 Christian alikufa kwa kifua kikuu, umri wake miaka 25.

Bidii ya Newman ilipitwa na ya Dean Benedetti, naye ni mtu ambaye habari zake zastahili kuelezwa kwa kituo. Benedetti alikuwa mpiga saksafoni wa California asiye na jina kubwa, na alipomsikia Charlie Parker aliona kwamba sauti ile ikipita bila kunaswa ulimwengu utakuwa umepata hasara isiyolipika. Mwezi Machi 1947 Parker alikuwa akipiga katika klabu ya Hi-De-Ho mjini Los Angeles, akiwa ametoka hospitali majuma machache tu yaliyopita, na Benedetti akaenda huko usiku baada ya usiku na mashine ya kukatia sahani. Sahani zilikuwa ghali, na kila moja ilichukua dakika chache. Kwa hiyo alikaa na mkono wake tayari: Parker akiweka saksafoni mdomoni, Benedetti huiteremsha sindano, Parker akimaliza, huiinua, na mpiga tarumbeta anayefuata hukatwa katikati ya pumzi yake ya kwanza. Mwaka uliofuata akamfuata Parker mpaka New York, safari hii akitumia kanda, akaendelea vivyo hivyo. Mwaka 1957 Benedetti alifariki Italia, na kwa miaka mingi sahani zake zikawa ngano: kila mtu amezisikia habari zake, hakuna aliyeziona. Kumbe zilikuwa zimetunzwa na ndugu yake; na mwaka 1990 kampuni ya Mosaic ilizitoa zote, zikajaa diski saba. Mtu akizisikiliza leo hukuta vipande juu ya vipande, nyimbo zisizo na kichwa wala mkia, sauti za vikombe na kelele za watu, na katikati yake Parker akibuni kwa wingi ambao studio haikuwahi kuuona. Wako wanaomlaumu Benedetti kwa kuwakata wengine, na kwa upande wa mpiga tarumbeta Miles Davis, aliyekuwa katika bendi hiyo mwaka 1948, lawama hiyo ina uzito. Hata hivyo, aliyalipia yote kwa fedha yake mwenyewe, wakati wenye fedha hawakujishughulisha.

Mpenzi aliyevuka mpaka akawa mtengenezaji wa santuri alikuwa Alfred Lion, Mjerumani wa Berlin, aliyehudhuria tamasha la tarehe 23 Desemba 1938 katika ukumbi wa Carnegie mjini New York, na baada ya wiki mbili tu, tarehe 6 Januari 1939, akawaingiza studio wapiga piano Albert Ammons na Meade Lux Lewis, aliowasikia huko, kwa gharama yake. Ndivyo Blue Note ilivyoanza. Rafiki yake Francis Wolff, Myahudi aliyewakimbia Wanazi mwaka huo huo, akaungana naye na kuwapiga wanamuziki picha ambazo hata leo ndizo sura ya jazi katika fikira za watu. Blue Note iliwalipa wanamuziki kwa siku za mazoezi, jambo ambalo wengine waliliona kuwa israfu, na ilimrekodi mpiga piano Thelonious Monk mwaka 1947 ingawa santuri zake hazikuuzika. Mwezi Februari 1964 ilimrekodi mpiga saksafoni Eric Dolphy katika Out to Lunch!, na Dolphy alifariki Berlin mwezi Juni kabla ya santuri hiyo kutoka.

Santuri za Blue Note ndizo zilizozaa elimu ya alama, ambayo wakusanyaji huijadili kama wanachuoni wajadilivyo isnadi. Mkusanyaji akiishika sahani huigeuza kwenye mwanga, asome katika ile sehemu tupu herufi RVG, za Rudy Van Gelder, mpima macho aliyerekodi kwanza katika sebule ya wazazi wake mjini Hackensack na kuanzia mwaka 1959 katika studio yake ya Englewood Cliffs. Kisha hutafuta alama ndogo iliyochorwa kwa mkono, mfano wa sikio, ambayo kwa hakika ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite kilichozigandamiza sahani hizo mpaka Blue Note ilipouzwa katikati ya miaka ya 1960. Kisha husoma anwani iliyochapwa kwenye karatasi, ikiwa ni ya Lexington Avenue au ya mtaa wa 63 Magharibi, apate kujua mwaka. Sababu yake si ushirikina, kwani nakala zilizochapwa mapema zilitoka karibu zaidi na mkono wa fundi aliyerekodi. Lakini wako waliozisoma alama zote wasiukumbuke hata wimbo mmoja, na watu hao, kwa maoni yangu, ni wafanyabiashara, hata wakijiita wapenzi.

Jazi huru ilipotokea, mjadala ulipanda moto. Tarehe 21 Desemba 1960 mpiga saksafoni Ornette Coleman aliingia studio mjini New York na vikundi viwili vya watu wanne wanne, kimoja kikisikika upande wa kushoto na kingine upande wa kulia, wakapiga kwa dakika 37 mfululizo. Jalada la santuri lilikatwa dirisha ili mchoro wa Jackson Pollock uonekane ndani. Jarida la Down Beat, mwezi Januari 1962, liliwapa wahakiki wawili santuri hiyo moja: Pete Welding akaitunuku nyota tano, zilizo upeo wa sifa, na John Tynan hakuipa hata moja. Sijui hukumu nyingine iliyoeleza hali ya zama hizo kwa uwazi kama hiyo. Tynan huyo alikuwa amekwisha kuwashutumu mpiga saksafoni John Coltrane na Eric Dolphy kwamba wanaipinga jazi, na jarida likawaita wenyewe wajibu, wakajibu kwa upole na hoja, Aprili 1962.

Coltrane ndiye aliyewaachia wakusanyaji fumbo mashuhuri. Tarehe 28 Juni 1965 aliwakusanya wapigaji kumi, naye akiwa wa kumi na moja, wakarekodi Ascension mara mbili, kila mara kwa muda unaokaribia dakika 40. Kampuni ya Impulse! ikatoa moja, baadaye Coltrane akaamua kwamba ile nyingine ndiyo bora, ikatolewa badala yake kwa jalada lile lile na nambari ile ile ya A-95, pasipo tangazo lolote ila maneno yaliyokwaruzwa katika sehemu tupu ya sahani kwamba hili ni toleo la pili. Watu wawili wakawa wanabishana juu ya santuri moja, mmoja akimsikia mpiga saksafoni fulani wa tatu na mwingine akimsikia wa nne, kila mmoja akimdhania mwenzake kiziwi, mpaka walipozigeuza sahani zao kwenye mwanga.

Wanamuziki hawakungoja wengine wawatunzie. Mwaka 1952 Charles Mingus na Max Roach walianzisha kampuni yao ya Debut, na ndiyo iliyotoa tamasha la Massey Hall, Toronto, la tarehe 15 Mei 1953, ambamo Parker ilibidi aandikwe kwa jina la Charlie Chan kwa kuwa alifungwa na mkataba wa kampuni nyingine. Sun Ra na rafiki yake Alton Abraham walianzisha Saturn mjini Chicago katika miaka hiyo ya 1950. Santuri zake zilitolewa nakala chache mno, nyingine majalada yake yakipakwa rangi kwa mkono na wanamuziki wenyewe, zikauzwa baada ya tamasha, upande mmoja ukiwa na muziki wa mwaka huu na upande wa pili wa miaka mingi nyuma. Kuzipanga lilikuwa jambo la kumtoa mtu jasho, na aliyelifanya alikuwa mwalimu wa saikolojia wa chuo kikuu, Robert L. Campbell, aliyetoa kitabu cha orodha hiyo mwaka 1994. Mwanasheria Bernard Stollman aliasisi ESP-Disk, na mwezi Julai 1964 akamrekodi Albert Ayler katika Spiritual Unity, akiwaachia wanamuziki uhuru kamili wa kuchagua watakachopiga. Uhuru ulikuwapo, ila malipo yalikuwa haba, na wanamuziki kadhaa walililalamikia jambo hilo kwa miaka. Mwaka 1971 Charles Tolliver na Stanley Cowell wakaanzisha Strata-East, ambamo mwanamuziki alimiliki kazi yake mwenyewe.

Katika santuri za zama hizo imo moja ambayo kila asemaye Kiswahili yampasa kuijua. Mwezi Novemba 1960, mwaka ambao nchi nyingi za Afrika zilikuwa zikipandisha bendera zao na Tanganyika ikiwa karibu na yake, mpiga piano Randy Weston aliwakusanya New York wanamuziki zaidi ya 20, muziki ukiwa umepangwa na bibi Melba Liston, mpuliza tromboni stadi, nao wakarekodi Uhuru Afrika. Sehemu ya kwanza huitwa Uhuru Kwanza na ya mwisho Kucheza Blues. Mshairi Langston Hughes alitunga maneno, na katika ufunguzi anasikika Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, ambaye baadaye alikuwa mwanasiasa nchini kwake, akiyasoma kwa Kiswahili fasaha mbele ya ngoma. Weston alikichagua Kiswahili apate lugha ya Kiafrika iliyovuka mipaka ya kabila na nchi. Serikali ya makaburu ikaipiga santuri hiyo marufuku Afrika Kusini. Miaka kumi baadaye mpiga piano Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili, yeye Mwandishi, Buster Williams Mchezaji, Billy Hart Jabali, Eddie Henderson Mganga, na santuri ya mwaka 1971 ikaitwa Mwandishi. Wakusanyaji wa Tokyo na London huyatamka majina hayo kila siku. Sisi wenye lugha wachache wetu tu ndio tunaozijua santuri hizo.

Na nimetaja Tokyo kwa sababu hakuna mahali desturi ya kusikiliza ilipopewa heshima kuliko Japani. Huko kulizuka, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, nyumba za kahawa ambazo mwenyewe aliweka santuri na kinanda bora cha kuzipigia, na mteja akilipia kikombe kimoja aliweza kukaa saa nyingi akisikiliza. Yoshida Mamoru alifungua Chigusa mjini Yokohama mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 20. Vita vilipokuja serikali ililaani jazi kuwa muziki wa adui, na katika shambulio la mabomu la Mei 1945 nyumba ile na santuri zake zote zikateketea. Yoshida alianza upya. Wateja wakamletea sahani walizokuwa nazo, na askari wa Marekani wakaleta zile zilizochapwa kwa ajili ya jeshi lao. Katika miaka ya baada ya vita santuri iliyoletwa kutoka ng'ambo ilikuwa ghali kupita uwezo wa karani wa kawaida, kwa hiyo vijana wapigaji walikwenda kwa Yoshida kama waendao chuoni, miongoni mwao Toshiko Akiyoshi na Sadao Watanabe, wakasikiliza upande mmoja, wakaomba urudiwe, wakaandika sauti karatasini. Akiyoshi alikwenda Boston kusoma mwaka 1956, akawa mtungaji anayeheshimiwa duniani. Katika nyumba nyingi za namna hii ilikatazwa kuzungumza santuri ikipigwa. Wageni waliona amri hiyo kuwa kali. Naona ni adabu ile ile tuitoayo kwa msomaji, kwamba anyamaziwe mpaka amalize, ndipo hoja zianze. Coltrane alipofika Julai 1966 na muziki wake mgumu wa mwisho, alikuta mbele yake watu waliokuwa wamekwisha kumsoma kwa miaka.

Sasa nirudi kwenye maghala ya kampuni. Mwezi Februari 1978 ghala la Atlantic huko Long Branch, New Jersey, liliungua, zikateketea maelfu ya kanda zisizotolewa, za Coltrane na za Coleman zikiwamo. Tarehe 1 Juni 2008 moto mwingine ulikula hifadhi ya kanda za asili katika viwanja vya Universal, California. Kikao cha Coltrane cha tarehe 6 Machi 1963 kilipotea mikononi mwa kampuni, na tumekipata mwaka 2018, kwa jina la Both Directions at Once, kwa kuwa Coltrane alichukua nakala nyumbani na jamaa za Naima, mkewe wa kwanza, waliitunza. Na hifadhi kubwa ya jazi katika Chuo Kikuu cha Rutgers, iliyohamishiwa huko mwaka 1966, haikuanzishwa na chuo wala serikali. Ilianza mwaka 1952 katika nyumba ya Marshall Stearns, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza ya kale, kwa santuri na karatasi alizozikusanya yeye.

Insafu yadai niseme na upande wa pili. Wengi wa wakusanyaji hawa walikuwa Wazungu wenye nafasi, na wengi wa waliopiga walikuwa weusi waliokufa maskini. Leo nakala moja ya kwanza ya santuri ya Blue Note huuzwa kwa bei inayozidi sana ujira aliopata mpigaji wake, na warithi wake hawaambulii kitu. Kuitunza sahani hakuondoi deni hilo. Lakini deni lisingaliweza hata kudaiwa lau majina yasingaliandikwa, kwa maana mahakama yoyote itauliza kwanza ni nani aliyepiga.

Kwetu pia ziko santuri majumbani, za taarabu na za dansi, ambazo wapigaji wake hawakutajwa karatasini na ambao waliowajua wanapungua mwaka hadi mwaka. Ewe msomaji, ukiwa nazo, usingoje chuo wala redio. Chukua daftari, andika nambari ya sahani na ile iliyokwaruzwa katikati yake, jina la kampuni, jina la wimbo, kisha nenda kwa wazee na umwulize kila mmoja ni nani aliyeimba, ni nani aliyepiga fidla, wapi na mwaka gani; na wakibishana, andika ubishi wao pia.